Kufunga Mkoba kwa Safari za Nakuru

Mtu aliyekusudia kuhamia Nakuru, au kupita tu akiyazuru maziwa na milima iliyouzunguka mji huo, aghalabu huanza kwa kuuliza masafa: ni kilomita ngapi mpaka Molo, ni saa ngapi mpaka Marigat, nauli ya Naivasha ni kiasi gani. Maswali hayo yana haki ya kuulizwa, lakini siyo yanayopasa kuamua nini kitiwe mkobani, kwa kuwa katika nchi hii ya Bonde la Ufa la kati linaloamua ni kimo. Nakuru yenyewe imekaa katika mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipanda upande wa magharibi kwa njia ya Njoro na Elburgon mpaka Molo, safari isiyomaliza asubuhi, umefika mita 2,500 hivi, nchi ya kondoo, viazi na ukungu, ambako jioni watu husogea karibu na moto. Ukishuka upande wa kaskazini kwa njia ya Mogotio, ukaivuka ikweta na kuendelea mpaka Marigat, kilomita 100 hivi kutoka Nakuru, umeteremka hata kukaribia mita 1,000, na huko blanketi huwa mzigo usio na kazi. Kwa kadiri ya kawaida hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Basi mtu aliyekunywa chai ya alfajiri Molo, akala chakula cha adhuhuri Marigat, amepita katika tofauti ya nyuzi 9 kwa sababu ya kimo peke yake, kabla hajahesabu tofauti iliyopo baina ya alfajiri na adhuhuri.

Rai yangu, niliyoipata kwa kuishi katika nchi hii na kwa kuwatazama wanaosafiri kwa taabu na wanaosafiri kwa raha, ni kwamba msafiri ajiulize kwanza mambo mawili: mahali pa juu kabisa nitakapopita ni wapi, na nitalala wapi. Mahali pa juu ndipo panapoamua nguo, na mahali pa kulala ndipo panapoamua mengineyo. Akisha kujijibu, achague vitu vichache, kila kimoja kiwe na kazi zaidi ya moja, na kila kimoja kiwe cha namna ambayo fundi wa kituo chochote cha njiani, awe wa Gilgil, wa Rongai au wa Subukia, aweza kukitengeneza kikiharibika. Kitu kisichotengenezeka hapa, hata kikiwa cha thamani kubwa na sifa nyingi, siku kitakapokatika mkanda wake au zipu yake kitakuwa kimekoma kukutumikia na wewe utakuwa umeanza kukitumikia.

Wafanyabiashara wa Mrima waliofika huku kabla ya reli waliyajua haya kwa vichwa na mabega ya watu wao. Mwaka 1883, msafara wa Joseph Thomson, Mskoti, ulipoikata nchi ya Wamaasai kuelekea Naivasha na Baringo, uliandamana kwa sehemu ya njia na ule wa Jumbe Kimameta, tajiri wa Pangani aliyezizoea nchi hizo. Na miaka michache baadaye Jumbe huyo huyo alikuwa pamoja na Teleki, mtu wa Hungaria, katika safari iliyoanza pwani mwaka 1887 na kupita Baringo ikielekea kaskazini. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kuwa frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo, na ndani yake mlikuwa merikani, ushanga na nyaya za chuma, ambazo ndizo zilizokuwa fedha za njiani. Hivyo kila kitu cha anasa alichotaka mkubwa wa msafara kilikuwa kimekalia nafasi ya chakula cha mtu fulani. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900 uzito ukaacha kuulizwa, na tangu hapo mtu aweza kubeba asichokihitaji bila ya mwingine kumnung'unikia.

Tuanze na nguo, maana hapo ndipo wageni wanapoteseka zaidi, hususan watokao Mombasa na Malindi, na hata wale watokao Ulaya ambao wameambiwa kwamba ikweta ni moto. Nyahururu imekaa takriban juu ya ikweta yenyewe, na ni mji wa sweta. Barabara kuu itokayo Nairobi hupita Kinale penye ukungu mzito kabla haijateremka kuelekea Naivasha, na mwezi wa Julai abiria aliyevaa shati la mikono mifupi hujikunja kitini akitamani koti la jirani yake. Kinachofaa si koti moja zito, kwa kuwa koti zito ukilivaa Molo litakufaa, lakini ukifika Nakuru saa sita utalishika mkononi, na ukifika Mogotio utatamani kulitupa. Kinachofaa ni nguo nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine: shati la pamba, juu yake sweta ya sufu, juu ya sweta koti jembamba lisilopitisha upepo, na juu ya vyote, ikiwa haja imezidi, shuka.

Sufu naisisitiza. Pamba ikilowa huwa nzito na baridi, ilhali sufu hata ikiwa na unyevu huendelea kumhifadhi mtu joto, na hukubali kuvaliwa siku kadhaa bila kunuka. Sweta nzuri za sufu huja katika mitumba, na masoko ya mitumba ya Nakuru hayana uhaba wa nguo za baridi, kwa sababu wauzaji wanajua wateja wao wanatoka Molo, Mau na Nyandarua. Nenda asubuhi mapema robota linapofunguliwa, si alasiri baada ya wenye macho kuchagua. Ishike sweta uielekeze kwenye mwanga, utaona matundu ya nondo ambayo hayaonekani mezani. Tazama viwiko na makwapa, ambapo ndipo inapoanza kuchakaa. Vuta ukingo wa mkono uone kama unarudi. Msalimu mwenye meza, mwambie, "Mama, naomba ya sufu tupu, ya kwenda Molo," na usishangae akiitoa chini ya meza, maana kizuri huwekwa akiba kwa mwenye kujua anachokitafuta.

Ama shuka, hicho ndicho chombo ningekiweka mbele ya vyote kama ningelazimishwa kubeba kimoja. Shuka ya Kimaasai, nyekundu au ya samawati, huuzwa kila mahali kuanzia Naivasha mpaka Nyahururu, na kazi zake hazihesabiki upesi: ni blanketi la usiku katika nyumba ya wageni iliyo na blanketi jembamba, ni tandiko la kukalia nyasini penye umande, ni pazia la dirisha la matatu jua la magharibi linapompiga abiria usoni, ni mto ikikunjwa, ni kifungio cha mzigo, na ni stara ya kubadilishia nguo mahali pasipo chumba. Mwanamke mwenye leso mbili ana karibu manufaa hayo hayo kwa uzito mdogo zaidi, na akiwa na mtoto mgongoni hana haja ya kufundishwa. Ukinunua shuka ikunjue yote, uipime kwa mikono yako kutoka ncha hadi ncha, kwa kuwa zipo zilizopunguzwa upana ambazo hazimfuniki mtu mzima kutoka bega mpaka kifundo cha mguu, nayo ndiyo kazi uliyoinunulia.

Mvua ya huku ina ada zake, na mwenye kuzijua hubeba kidogo. Masika huanza mwezi wa Machi na kwisha Mei. Julai na Agosti mvua hurudi, jambo ambalo mtu wa pwani hakulitazamia. Na vuli huja Oktoba na Novemba. Hata katika majira hayo asubuhi huwa safi mara nyingi, mawingu hujikusanya baada ya adhuhuri, na mvua humwagika alasiri. Kwa hiyo aliye na kazi ya kupanda mlima au kutembea mbali aianze alfajiri na kuimaliza kabla ya saa nane mchana, na tayari amejikinga kuliko mwavuli wowote. Mwavuli ni mzuri mjini. Juu ya ukingo wa Menengai au Longonot, penye upepo na radi, ni chombo cha hatari, na hapo koti ndilo la kutumaini. Januari na Februari huja kiangazi na vumbi jepesi la majivu ya volkeno, ambalo huingia puani, katika saa, katika simu na katika macho ya mtoto. Kitambaa kikubwa cha pamba cha kufunga puani na mdomoni chafaa kuwamo mfukoni katika miezi hiyo bila kukosa, pamoja na mafuta ya kujipaka, kwa sababu hewa ya kimo hukausha midomo hata ikapasuka.

Viatu vyataka maneno mengi zaidi, kwa kuwa ardhi za huku hazifanani. Longonot, mlima wenye mita 2,776, una njia ya majivu na changarawe iliyochimbwa na maji ya mvua, na taabu yake si kupanda bali ni kushuka, mguu unapoteleza na vidole kugonga mbele ya kiatu. Ndani ya Menengai kuna mawe meusi ya lava, mengine makali kama chupa iliyovunjika, yanayokata raba laini. Molo na Mau zina udongo unaoshika soli na kuongeza uzito kila hatua. Pwani za maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria zina tope la magadi, na magadi hayo yakikauka juu ya ngozi ya kiatu huifanya ikakamae na kupasuka. Na kule Marigat kuna miiba ya mathenge, mti ulioletwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, ukaenea hata ukawa bala kwa wafugaji; miiba yake hupenya soli nyembamba na hata tairi la baiskeli.

Hakuna kiatu kimoja kinachoyaweza yote hayo, lakini viwili vyatosha. Cha kwanza ni kiatu cha ngozi kinachofunika kifundo, chenye soli nene yenye meno, kikubwa kidogo kuliko mguu ili soksi nzito iingie na vidole visigonge. Bata, ambao kiwanda chao kiko Limuru, juu tu ya ukingo wa Bonde, wameshona viatu vya namna hii kwa miaka mingi, na fundi wa kila kituo anavijua. Kabla hujakivaa, kipeleke kwa fundi akishone soli kuizunguka kwa uzi mnene wa nailoni, hata kama ni kipya na gundi yake yaonekana imara. Gharama yake ni ndogo, na gundi iliyokauka kwa jua la Baringo na kulowa kwa matope ya Molo haina ahadi na mtu. Mwambie, "Fundi, nishonee mpaka mbele," kwa kuwa mbele ndipo pafungukapo kwanza. Cha pili ni akala, sandali za tairi, ambazo fundi hukupimia mguu wako mwenyewe na kukukatia hapo hapo. Akala ni ya kuvaa jioni, ya kuogea, ya kuvukia kijito, na ya kutembelea mtaani mguu unapotaka hewa. Haina cha kuoza, na tairi nene huustahimili mwiba kuliko sandali ya duka. Mabuti ya mpira usiyabebe. Ukienda shambani Molo wakati wa masika, mwenyeji wako atakuwa nayo mlangoni, na kuyaazima si aibu.

Mkoba wenyewe uwe laini, kwa sababu utakaa juu ya magoti yako. Katika matatu ya abiria kumi na wanne nafasi ya nyuma ni ndogo, nayo hujaa magunia ya viazi na vikapu vya kuku. Sanduku gumu halina mahali, na makanga ataliweka mahali asipopataka mwenyewe. Tangu Februari 2004, zilipoanza kutumika kanuni zilizoletwa na waziri John Michuki, kila abiria hupaswa kuwa na kiti chake na mkanda wake; basi mkoba uwe wa kadiri inayokuacha uufunge mkanda huo, nawe uufunge, hususan katika mteremko wa Sachangwan na Salgaa, ambapo malori mazito yanayoshuka yameua watu wengi. Barabara hiyo ipite mchana. Hakuna kifaa kinachouzwa dukani kinacholingana na manufaa ya kusafiri kukiwa na nuru.

Pamoja na mkoba wa mgongoni, kunja kiondo ukitie ndani. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na njia za Nakuru zimejaa majaribu: viazi na karoti za Soko Mjinga, njegere za Kinangop, plamu katika msimu wake, na nyama ya Kikopey ambayo haifai kuingia katika mkoba wenye nguo. Kiondo cha katani hukaa bapa kikiwa tupu, hupitisha hewa ili mboga zisiive njiani, na mkanda wake ukikatika hushonwa kwa dakika chache. Chagua chenye mkanda mrefu, ili ukibebe begani na mikono yote miwili ibaki huru unaposhuka garini.

Sasa maji, jambo ambalo wakaao hapa wanalijua na wageni hawaambiwi. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, itokayo katika miamba ya volkeno, na wale wakuao kwa kuyanywa huota meno yenye madoa ya kahawia, na wengine mifupa yao hupata madhara. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuiondoi floraidi. Maji hupungua, yenyewe ikabaki, na kadiri yake ikazidi. Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi kubwa ya kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyoinasa, na maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kwa kawaida hayana. Msafiri wa siku chache asihangaike nayo. Aliyehamia na watoto wadogo, hata hivyo, na aulize chanzo cha maji ya nyumba kabla hajauliza kodi ya nyumba.

Kwa safari, beba chupa ya chuma ya maji, si ya plastiki, na pamoja nayo thamosi ya chai. Kwa kimo cha Nakuru maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na Molo hupungua mpaka karibu na 92. Ndiyo maana maharagwe ya huku huchukua muda mrefu na kuni nyingi, na ndiyo maana chai inayotiwa katika thamosi isiyopashwa joto hupoa kabla ya kufika Timboroa. Tia kwanza maji ya moto ndani ya thamosi, uifunge, uache dakika tano, uyamwage, kisha ndipo uitie chai iliyotoka motoni wakati huo huo. Itakaa na joto lake hadi alasiri. Chai ya maziwa huharibu mpira wa kifuniko ikiachwa usiku, kwa hiyo ioshe thamosi siku ile ile. Nimewaona wenye vyombo vya gharama kubwa wakilalamika harufu, na kumbe hawakuutoa mpira wakausugua.

Chupa ya chuma ina sababu nyingine tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimekatazwa katika hifadhi za taifa, fuo na misitu ya Kenya, na mlangoni mwa Ziwa Nakuru au Longonot chupa yako ya maji ya dukani itabaki nje. Malipo ya hifadhi nayo hayapokelewi kwa noti. Hulipwa kwa njia ya simu au kadi, basi tengeneza malipo hayo ukiwa mjini, penye mtandao imara. Na mwenye ramani ya zamani ajihadhari nayo: maziwa haya yamepanda sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, maji yakameza barabara za kandokando na lango kuu la zamani la Ziwa Nakuru, na flamingo wengi, ambao chakula chao hustawi katika maji mazito ya magadi, wakahamia Bogoria.

Kwa maziwa hayo chombo ninachokipenda kuliko vyote ni darubini, na hapa naivunja kanuni yangu mwenyewe ya vitu vitengenezekavyo na fundi wa njiani, kwa kuwa hakuna badala yake. Mwari mweupe wa Elmenteita akiwa juu ya kisiwa chake cha mawe, kwa jicho tupu, ni doa. Kwa darubini ya kukuza mara nane ni ndege mwenye mfuko wa manjano chini ya mdomo, anayegombana na jirani yake juu ya nafasi ya kiota. Usidanganywe na zile za kukuza mara kumi na mbili au zaidi: mkono wa mtu hutetemeka, na mtetemo nao hukuzwa. Mara nane yatosha. Ifunge kamba fupi ikae kifuani, siyo tumboni ambako hugonga kila kitu, na ikishika vumbi ipulize kwanza kabla hujaifuta, kwa sababu vumbi la huku lina chembe ngumu zinazokwaruza kioo.

Umeme hukatika, na magharibi ya ikweta ni fupi: jua likishazama, giza limeingia. Simu ndogo yenye tochi, ile wanayoiita mulika mwizi, ingali na haki ya kuwamo mkobani hata kwa mtu mwenye simu kubwa ya kisasa, kwa sababu chaji yake hukaa siku kadhaa, huanguka bila kuvunjika, na huweza kupokea na kutuma fedha kwa M-Pesa sawasawa na ile nyingine. Iwe na laini yake na akiba ndogo ya fedha, ibaki imezimwa ndani ya soksi mpaka siku ya haja. Kwa kuvaa kichwani tafuta kurunzi ya betri za kawaida, ambazo kila duka la kijijini huziuza.

Mwisho wa mkoba kuna kifuko kidogo, ambacho ningekitengeneza mara moja na kukiacha kama kilivyo: sindano nene na uzi wa nailoni, kipande cha kamba ya katani, kisu kidogo, wembe, vidonge ulivyoandikiwa na daktari, nakala ya kitambulisho, sarafu za nauli ya bodaboda ambaye hana chenji, na noti moja iliyokunjwa isiyotumika ila kwa dharura. Ukienda Baringo ongeza neti na dawa ya mbu, kwa kuwa katika kimo kile malaria ipo, ilhali Molo mbu ni haba. Sumu ya asili ya kuulia mbu, ijulikanayo kwa jina la pareto, hutoka katika maua meupe yanayopandwa katika nchi hii hii ya juu, Molo na Mau, na kushughulikiwa kiwandani Nakuru; kwa miaka mingi Kenya ilikuwa ya mbele duniani kwa zao hilo.

Baiskeli hukodishwa karibu na Hell's Gate, mojawapo ya hifadhi chache ambamo mtu huruhusiwa kuzunguka kwa baiskeli na kwa miguu kati ya pundamilia na swala. Kabla hujalipa, bonyeza breki zote mbili, zungusha magurudumu, na umwombe mwenye baiskeli pampu na kiraka. Lakini katika korongo la Ol Njorowa usiingie ikiwa mawingu yamekaa juu ya vilima, hata kama mahali uliposimama pana jua, kwa sababu maji hushuka kutoka mbali kwa ghafla na yamekwisha kuua wageni na kiongozi wao. Kiongozi akikwambia leo hapana, rudi pamoja naye.

Baki na siku moja baada ya kurudi, kwa kuwa vyombo huharibika nyumbani kuliko njiani. Viatu vilivyokanyaga magadi vioshwe kwa maji matamu jioni ile ile, vijazwe magazeti, vikaushwe kivulini na si kando ya jiko, kisha vipakwe mafuta. Shuka na sweta zianikwe juani nusu siku kabla ya kukunjwa, maana nondo hupenda nguo yenye jasho. Betri zitolewe katika kurunzi. Kiondo kikung'utwe udongo wa viazi. Ulichokiona kimelegea, uzi wa soli, zipu, mkanda, kipeleke kwa fundi kesho yake, asubuhi, kabla foleni yake haijawa ndefu. Na kama uliitumia ile noti ya dharura, tia nyingine mahali pake kabla mkoba haujatundikwa.